Seli 14

Shangazi yangu hakutaka kuitwa mgonjwa. Aliposhuka kwenye basi la Dar pale stendi ya Tabora, Desemba 2013, alikuwa amefunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, na jirani wa kwanza aliyempa pole alijibiwa, "Pole ya nini? Nimetoka safari." Alikuwa ametoka hospitali ya saratani ya Ocean Road kuchomwa dripu ya tatu ya kemo. Titi la kushoto lilikuwa limeshaondolewa. Mimi nilikuwa nimetangulia siku mbili, nikitokea Toronto, Kanada, nilikokuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu. Nilichokuwa nakisomea ni hiyohiyo saratani ya titi.

Watu wa Isevya waliliona jambo hilo kuwa kichekesho. Mwanamume mzima kavuka bahari kwenda kusomea matiti! Jirani yetu mmoja mwenye duka la vipuri vya baiskeli, Mzaramo, kwa hiyo mtani wetu, kila akiniona aliuliza ada analipa nani, na kama nafasi bado zipo. Shangazi peke yake hakucheka. Mwezi wa Saba alipoikuta gololi kwenye titi lake alinipigia mimi simu kabla hata ya kumwambia mumewe. "Baba," akasema (ananiita baba kwa kuwa nimerithi jina la babu), "si wewe unayesoma haya mambo? Ni nini hiki?" Seli za saratani ya titi nilikuwa nimeshaziona pengine mamilioni. Titi lenye uvimbe sikuwahi kuligusa hata moja. Nikamwambia aende hospitali. Ushauri huo hata yule Mzaramo angempa.

Niseme kidogo nilikuwa nafanya nini huko. Mwaka 2003 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba seli za uvimbe mmoja wa titi hazilingani nguvu. Walichambua kikundi kidogo chenye alama fulani kwenye utando wake, na seli 100 tu za kikundi hicho zikaotesha uvimbe kwenye panya, wakati makumi ya maelfu ya seli nyingine za uvimbe uleule zilishindwa. Anayelima anaelewa mara moja: magugu unaweza kuyafyeka majani mwaka mzima, kama hukung'oa mzizi unajichosha. Wazo lenyewe lilianzia kwenye damu, tena katika mji uleule niliokuwa nikiishi. James Till na Ernest McCulloch waliwapiga panya mionzi ya kuua uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, wakawachoma sindano ya uloto wa panya wazima, halafu wakahesabu vinundu vilivyoota kwenye wengu. Kwa kila seli 10,000 hivi walizochoma kiliota kinundu kimoja. Walichapisha mwaka 1961, na huo ndio ukawa ushahidi wa kwanza wa seli shina za damu, yaani seli mama zinazozaa chembe nyingine zote za damu. Mimi hadithi hiyo nilikuwa naipita kama unavyopita picha ya mwanzilishi ukutani. Damu ilikuwa kazi ya ghorofa nyingine.

Ghorofa yetu tulikuwa tunawapa kemo panya wenye uvimbe, kisha tunatafuta kilichobaki. Kemo huua zaidi seli iliyo katika kugawanyika, iliyolala huipita. Zilizobaki zilikuwa ndizo hizo zilizolala, na miezi baadaye zinaamka na kuanza upya. Nilizichukia. Kwenye daftari langu la maabara niliziandika "wavivu", kwa Kiswahili, ili msimamizi wangu asielewe.

Siku ya 11 baada ya dripu, usiku, mama alikuja kuniamsha. "Shangazi yako anatetemeka." Themometa ikasoma 38.9. Mama alikuwa ameshatoa dawa mseto kabatini, maji kwenye kikombe, tayari. Mvua zilikuwa zimeanza na Tabora homa ni malaria mpaka ijulikane vingine, kwa hiyo simlaumu. Lakini mimi masikio yalishika hiyo 11. Zipo chembe nyeupe za damu zinazoitwa neutrofili, ndizo askari wa kwanza dhidi ya bakteria, na kwenye damu hazimalizi siku nyingi; uloto lazima utengeneze nyingine kila siku. Kemo ikisimamisha kiwanda, ghala linakauka kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Homa ya siku hizo haisubiri asubuhi, maana hata bakteria wa utumbo wa mtu mwenyewe wanaweza kumuua. Yote hayo nilishayaandika kwenye mtihani nikapata alama zote. Usiku ule mikono yangu ilishindwa kufunga kamba za viatu.

Wakati tunamtafuta mtu wa teksi, mume wa shangazi akaingia na kichupa cha asali ya nyuki wadogo, iliyotoka Sikonge, ile ambayo mtu hauzi, anawekea ndugu. Akachota kijiko. Nikakidaka hewani. Asali haijapita motoni, nikamwambia, na kinga yake ipo chini. Mzee akanitazama kwa muda. "Wazungu wamekufundisha kwamba asali ni sumu?" Hatukusemezana njia nzima. Miaka baadaye nilikuja kusoma kwamba hata utafiti wa makatazo hayo ya vyakula haukuonyesha kuwa yanapunguza maambukizi, nikamwomba radhi. Alikuwa ameshasahau, au alijifanya.

Hospitali tuliyofika, daktari wa zamu alikuwa kijana kunizidi. Nilijiandaa kumfundisha. Aliposikia "kemo" na "siku ya 11" hakuniacha nimalize. Aliagiza kipimo cha malaria, kikatoka hasi, na dawa za kuua bakteria, keftriaksoni na jentamaisini, zikawa zinaingia kwenye mshipa kabla sijakaa. Tatizo lilikuwa moja. Mashine ya FBP, ile ya kuhesabu chembe za damu, ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu wiki iliyopita. Vitendanishi vimekwisha.

"Nenda maabara," akaniambia, "yule mama atahesabu kwa mkono."

Mama wa maabara alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nikamwamkia, nikajitambulisha kuwa mtafiti, akaitikia "Marahaba baba" na kuendelea kusugua kioo kwa kitambaa. Sijapata kumwona mtu akifanya kazi taratibu namna ile bila kupoteza hata dakika. Alivuta mikrolita 20 za damu ya shangazi, akaziachia kwenye mikrolita 380 za dawa ya Turk, ambayo ina harufu ya siki kwa sababu ndani yake mna asidi ileile ya siki. Inavunja chembe nyekundu zote, inaziacha nyeupe na kuzipaka zambarau. Akatikisa kwa dakika mbili akitazama saa ya ukutani. Kisha akagusisha ncha ya pipeti kwenye ukingo wa kioo cha kuhesabia, na maji yakajivuta yenyewe chini ya kifuniko. Kioo hicho kimechorwa mistari, miraba ndani ya miraba, kama shamba lililopimwa na bwana ardhi. Unahesabu miraba mikubwa minne ya pembeni. Kule kwetu tulikuwa na mashine inayopitisha maelfu ya seli kwa sekunde mbele ya mwali wa leza. Yeye alikuwa na jicho la kulia na kidude cha kubonyeza, ta, ta, ta.

Mtu mzima asiye na tatizo, kidude hicho kinalia kama mvua ya bati. Kwa shangazi kililia, kikanyamaza, kikalia. Nilikuwa nahesabu na mimi kimoyomoyo.

"Kumi na nne," akasema. "Mara hamsini, 700."

Kawaida huanzia kama 4,000. Akapaka tone jingine kwenye slaidi, akalitia Giemsa, akaanza kuzisaka nyeupe moja moja. Baada ya muda mrefu akawa amepata 50, na kati ya hizo neutrofili zilikuwa 9. Nikapiga hesabu kichwani: hazifiki 130. Hakusema kitu. Aliandika kwenye daftari kubwa lenye jalada jekundu, akapigia mstari kwa rula.

Nilihamia pale. Asubuhi napeleka uji kwenye chupa ya chai, mchana mama analeta chakula, na kila kulipokucha nafuata bomba la damu mpaka maabara kama mbwa anayemfuata mchinjaji. Siku ya pili zikawa 13. Siku ya tatu 19. Homa ikaanza kushuka. Siku ya nne zilikuwa 27, na yule mama akaniita kwenye hadubini, kwa mara ya kwanza. "Baba, njoo uone wageni." Kwenye slaidi kulikuwa na monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, kubwa kubwa, na neutrofili changa ambazo kiini chake hakijakatika vipande, kimejipinda tu kama ndizi. Hizo hutoka mapema hivyo pale uloto unapoanza kazi upya kwa haraka. Maana yake kuna seli mle mfupani ambazo dawa ilizipita, kwa sababu zilikuwa zimelala.

Nilirudi wodini mbio kumweleza shangazi, kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika. Nikamwambia kuhusu wavivu wa damu waliomwokoa. Nikamwambia pia, kwa upumbavu wangu, kuhusu wavivu wa saratani. Alinisikiliza akimenya embe, ambalo nilimkubalia kwa sababu lina ganda.

"Kwa hiyo za damu zinalala," akasema, "na za huku nazo zinalala." Akagusa upande uliokuwa bapa. "Dawa inazipita zote."

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa wewe baba, hapo unaomba ziamke au ziendelee kulala?"

Januari niliporudi Toronto nilimwomba msimamizi wangu anihamishie ghorofa ya damu. Akanionya kwamba nitapoteza mwaka. Nilipoteza miwili. Tangu hapo nimekuwa mtu wa uloto: nini huzilaza seli shina, nini huziamsha. Kwa panya, watafiti walikuwa wameshaonyesha mwaka 2008 kwamba zile zilizolala fofofo hugawanyika kama mara 5 tu maisha yake yote. Na seli za saratani ya titi zikitoroka hupenda sana mifupa, zikajibanza kandokando ya mishipa midogo ya damu, mtaa mmoja na seli shina, na kulala humo kwa miaka. Za shangazi ziliamka 2019, kwenye uti wa mgongo. Alituacha 2021. Hilo sitaliandika hapa.

Naandika asubuhi ile ya tano. Nilimwomba mama wa maabara nihesabu mimi. Alinitazama, akasogeza kiti. Nikaweka jicho, nikashika kidude. Mraba wa kwanza tu nikaona zimejaa kuliko siku zote, nikabonyeza kwa furaha, nikahamia wa pili, wa tatu, wa nne.

"Arobaini na sita!" nikasema. Nilishazidisha: 2,300.

Akainama, akahesabu yeye kwenye kioo kilekile. Kidude kikalia polepole. Akainua kichwa.

"Zilizokaa juu ya mstari umezifanyaje?"

"Nimezihesabu."

"Pande zote nne?"

Nikanyamaza. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Za juu na za kushoto ndizo zako," akasema. "Za chini na za kulia ni za jirani, ziache. Rudia."

Nikarudia. Zikawa 41.