Yuko nyumbani tu: siku moja ya mwandishi wa riwaya Dodoma

Saa kumi na nusu alfajiri. Simu naiweka mtetemo na kuilaza chini ya mto, maana mwanangu mdogo akisikia mlio anaamka, na akiamka yeye basi kuandika kumekwisha. Natoka kwa kunyata. Najifunga kanga mbili, kwa sababu Septemba hii upepo wetu wa alfajiri unapenya mpaka kwenye mifupa, naweka chai ya rangi jikoni, nafungua kompyuta kwenye meza ile ile ambayo baadaye nitakatia mboga. Hapo ndipo ofisini kwangu.

Naandika riwaya. Huu ni mwaka wa tatu. Ni habari ya mama mmoja wa Kigogo na wanawe wawili wakati wa Mtunya, njaa kubwa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Wengi tunaoishi hapa Dodoma hatuijui hata kwa jina, na hilo linaniuma. Mvua zilikata, ndiyo, lakini Wagogo walikuwa wamezoea miaka ya ukame na walijua kuweka akiba. Akiba hiyo ndiyo iliyoondoka. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza wakaingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, nao wakataka nafaka, ng'ombe na vijana. Mvua ilipogoma, ilizikuta ghala tupu. Kabla watu hawajainuka, yakaja mafua ya 1918.

Asubuhi hii mama yangu wa kwenye riwaya yuko korongoni, usiku, anafukua mchanga kutafuta maji. Amechimba mpaka bega linazama kwenye shimo. Maji yanajikusanya taratibu, anayateka kwa kata na kuyamimina kwenye kibuyu. Saa kumi na mbili inagonga kibuyu kikiwa nusu. Maneno 410. Namwacha pale pale ameinama.

Uji, sare, soksi iliyopotea, mume wangu kuwahi gari la Mtumba, watoto shuleni, vyombo, kufagia vumbi ambalo litarudi kabla ya saa sita: yote hayo yamekwisha saa mbili na nusu. Kisha nusu saa ya kazi inayoniletea pesa. Nina kundi la wasomaji wa WhatsApp ninaowaandikia hadithi za mfululizo. Hadithi nzima shilingi 2,000, malipo kwa simu. Wananiandikia "weka mwendelezo" kabla hata hawajanisalimia. Nawapenda sana. Hela yao imelipa ada, na wamenifundisha kwamba msomaji akichoka haagi, anaondoka tu.

Saa tatu narudi korongoni. Nimeandika sentensi moja.

"Hodi wenyewe!"

Ni mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kofia mkononi, bahasha ya kaki kwapani.

"Karibu mzee. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Afadhali nimekukuta. Uko nyumbani tu?"

Nyumbani tu. Neno hilo nalisikia kila siku. Ndiyo sababu mimi ndiye ninayeombwa kumpokea fundi wa jirani, kuangalia nguo zisiibiwe kambani, kukaa na mtoto wa mtu "dakika mbili". Mwenye duka akiwa dukani kwake hakuna anayemwambia yuko tu. Lakini mzee ni mzee. Nikamletea kiti, nikaifunga kompyuta, kisha nikaifungua tena, kwa sababu alichokifuata ni barua.

Jirani yake anajenga ukuta. Ukuta umeingia kwake hatua moja na nusu, na minyaa iliyokuwa mpaka imekatwa yote. Anataka kupeleka malalamiko ofisini, na amesikia mimi ni mwandishi. Barua ya namna hiyo ni ukurasa mmoja: nani, wapi, nini kimetokea, unaomba nini. Dakika ishirini. Nikamwambia hivyo.

"Hapana, mwanangu. Lazima waelewe tulikotoka."

Tulikotoka kulianzia 1971, Operesheni Dodoma, watu wa mkoa huu walipohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Yeye alikuwa kijana. Akanieleza gari lililowabeba, mbuzi mweupe aliyeruka njiani, na jinsi baba yake alivyokaa siku tatu bila kusema neno. Nikawa naandika. Akapokea simu. Akarudi mwanzo, akihofia nimekosea rangi ya mbuzi. Tukaja mjini naye akitafuta kazi, tukapata kiwanja, tukapanda minyaa mche kwa mche, kila mche na aliyeutoa. Saa nne na nusu tulikuwa bado hatujafika kwenye ukuta.

"Nisomee."

Nikamsomea.

"Umemruka mbuzi."

"Mzee, mbuzi hahusiki na mpaka."

"Wakimkosa mbuzi watadhani natunga."

Nikamrudisha mbuzi. Akataka YAH iwe herufi kubwa na ipigiwe mstari. Akataka neno "dhuluma" litokee mara tatu. Nikafuta mbili, akazihesabu, nikazirudisha. Kiuno kilianza kuniuma. Kilichonichosha zaidi si barua. Kila nilipoandika sentensi yake, yangu ilizidi kufifia. Nilikuwa nayo tayari, sauti ya kata ikikwangua mchanga, na sasa masikioni nilikuwa na mbuzi. Kurudi ndani ya sura hakufanani na kurudia ufagio ulipouacha. Unaanza tena kutembea tangu barabarani, na siku nyingine hufiki.

Saa sita kasoro akaridhika. Kurasa tatu. Nikaituma stationari ikachapishwe, akaniachia mfuko mdogo wa zabibu za shambani kwake, msimu wake huu, akaniombea kwa Mungu kwa muda mrefu akiwa amesimama mlangoni. Zabibu zilikuwa tamu kweli. Sikuandika hata neno moja.

Mchana nikapika mlenda mkavu aliotupatia mama mkwe. Ni majani ya porini yanayochumwa wakati wa mvua, yakaanikwa na kutwangwa, ili Septemba kama hii, ardhi ikiwa imekauka kabisa, kuwe na mboga. Maji yachemke, magadi kidogo, umimine mlenda ukikoroga, kisha karanga zilizotwangwa. Nilipokuwa nasonga ugali nikakumbuka sura ya nne, nikasimama na mwiko mkononi. Nikampigia simu mama mkwe.

"Mama, zamani zile za bibi zako, ugali ulikuwa wa nini?"

"Uwele, mwanangu. Na mtama. Kwani ulidhani nini?"

Nilikuwa nimeandika mahindi. Mara sita, nilipokuja kuhesabu. Mtu anaweza kukaa miaka mitatu kwenye jambo na bado chakula chake cha mchana kikampitia bila kumwuliza.

Saa nane nasoma. Kurasa ishirini kila siku, hata nikiwa nimechoka vipi, na hapa sina mjadala: mwandishi anayesema hana muda wa kusoma simwelewi. Kusoma si mapumziko ya kuandika, ni nusu ya kazi yenyewe. Sasa hivi niko na Mathias Mnyampala, yule mshairi wetu wa hapa hapa Dodoma, kwenye kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka 1954. Yeye mwenyewe alizaliwa 1917, mwaka wenyewe wa Mtunya. Kila ninapofungua ukurasa nawaza kuna mama fulani aliyekuwa na mtoto huyo mgongoni, na njaa ndiyo inaingia. Nasoma polepole sana. Leo nimefika kumi na mbili, usingizi ukanishika, kitabu kikaniangukia usoni.

Watoto wakarudi. Umeme ukakatika, na kompyuta yangu betri ilishakufa, kwa hiyo ule muda wa kumi hadi kumi na moja niliokuwa nauvizia tangu asubuhi ukaondoka nao. Mdogo ana kikohozi cha vumbi. Mkubwa ana kazi ya Hisabati inayotaka vijiti ishirini. Mkaa umebaki wa kuwasha mara moja. Nikakaa kwenye kizingiti nikahisi machozi yapo karibu. Riwaya haina bosi wa kukuuliza leo umefanya nini. Siku ikipita bure, mwenye kujua ni mimi peke yangu.

Nikachukua ilimba. Ni ya babu wa mume wangu: kisanduku cha mbao, vijiti vya chuma vilivyopondwa bapa, unapiga kwa vidole gumba. Dunia iliisikia kwa Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003. Mimi najua nyimbo nne na ya tano najifunza. Kwenye ubao wake kuna vitundu vidogo vinavyobandikwa utando wa buibui, ule mweupe mwembamba anaofungia mayai. Huo ndio unaoipa ule mvumo wa chini, kama nyuki. Kimoja kilikuwa kimechanika. Watoto wakaingia stoo na tochi ya simu, wakatafuta nyuma ya magunia, wakatoka na utando kwenye ncha ya kijiti wakitembea kana kwamba wamebeba yai. Tukaubandika. Nikasukuma kijiti kimoja ndani kidogo, sauti ikapanda. Nikakivuta nje, ikashuka. Mkubwa akasema, "Mama, sasa inaongea." Tukapiga mpaka giza likaingia. Kikohozi kilikuwepo bado, mkaa ulikuwa haujaongezeka.

Mume wangu alirudi na mkaa. Akapika yeye. Aliniuliza nimeandika ngapi, nikamwambia mia nne na kumi na barua ya mzee, akanitazama, akanipokonya bakuli nililokuwa nataka kuosha.

Sijui ilikuwa saa ngapi niliposikia bomba likikoroma. Kwetu maji ni ya mgawo, na yakija huja usiku wa manane. Nikatoka uani gizani, nikaweka jaba, nikaweka ndoo, nikakaa juu ya ndoo nyingine niliyoigeuza. Mwanzo hewa tu. Kisha maji, na sauti nzito ya maji yanayopiga chini ya ndoo tupu. Yakiongezeka, sauti inapanda. Inapanda na kuwa nyembamba, kama kijiti cha ilimba ukikisukuma ndani, mpaka inafika mahali unajua bila kuangalia kwamba imebaki vidole viwili ijae. Mkono ukaenda kwenye koki wenyewe.

Nikaingia ndani nikatafuta daftari la Hisabati la mwanangu, la kwanza lililokuja mkononi, nikaandika nyuma yake kwa tochi ya simu:

Hakukiona kibuyu. Alikisikia kikijaa.

Nikarudi uani kubadilisha ndoo.