Diski ya steshenari, siku ya tano: imekubali

Imekubali! Saa nane na robo usiku wa kuamkia leo, ile diski ya GB 320 ya steshenari ya shemeji imesoma sufuri kuanzia sekta (kipande kidogo cha diski) ya kwanza hadi ya mwisho, yaani imefutika kabisa. Mke wangu kaamka kuuliza nashangilia goli la nani.

Kwa waliochelewa: kompyuta inauzwa, na kwa miaka tisa imeskani vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kidato cha nne na mikataba ya nusu ya mtaa. Shemeji aliniambia "nishafuta", kumbe kafomati ile ya haraka tu. Nikaipitishia PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, dakika ishirini, ukaibuka mkataba wa nyumba wa jirani yetu, sahihi zote mbili juu yake. Nikamwambia mnunuzi asubiri kwanza.

Ningeweza kupitisha nwipe, programu ya kuandika sufuri juu ya diski nzima, mara moja nikalala, najua. Na msiniletee habari za kuandika juu mara 35. Mtafiti Peter Gutmann alizitaja mwaka 1996 kwa diski za wakati ule, na mwenyewe alishasema hazina maana kwa hizi za sasa. Shida yangu ni kwamba diski hii ina sekta mbovu kadhaa ilizokwisha kuzihamisha, na huko nwipe haifiki. Nilitaka diski ijifute yenyewe, hadi sekta hizo, kwa hdparm, programu ya Linux ya kuituma diski amri; nikachagua ile amri ya kufuta yenye nguvu zaidi.

Hapo ndipo kasheshe. BIOS, programu inayoiwasha mashine, inaigandisha diski kila mashine inapowaka, isikubali amri ya kujifuta. Dawa ya siku zote ni kuilaza mashine na kuiamsha, lakini hii ikilala ndiyo imetoka: feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Kibadilishi cha USB hakipitishi amri hiyo kabisa. Nikabaki na njia ya kihuni, kuchomoa waya wa umeme wa diski mashine ikiwa inawaka na kuurudisha. (Chomoeni upande wa SATA, plagi bapa ya diski za sasa, jamani, si ile plagi nene ya zamani. Ya SATA iliundwa kwa ajili hiyo.) Nikichomoa, diski inapotea na hairudi. Jioni mbili nzima nimelaumu waya, nikanunua mwingine, kumbe BIOS ilikuwa imewekwa IDE, mtindo wa zamani wa kuongea na diski, badala ya AHCI, unaoruhusu kuichomoa na kuirudisha mashine ikiwaka. Nilijitukana kwa Kiswahili fasaha.

Siku ya tatu ikakubali amri. Ikajikadiria dakika 78. Kwenye ya hamsini hivi, umeme ukakata.

Uliporudi, diski inaonekana, ukubwa wake sahihi, lakini kila ukiigusa inarudisha kosa. Imejifunga. Ndivyo ilivyoundwa: ikikatizwa katikati haifunguki bila nenosiri uliloiwekea mwanzo. Wajuzi huweka herufi moja tu. Mimi nikajifanya mjanja, nikaweka "sufuri". Sasa "sufuri" haikubaliki! Nilikuwa nimewasha kwa flashi, kwa hiyo kumbukumbu ya amri nilizoandika ilikufa pamoja na umeme. Unajaribu mara tano, diski inagoma kusikiliza mpaka uichomoe tena. Sufuri kwa herufi kubwa, sufuri na sifuri, jina la mtoto, tarehe ya harusi. Nimechomoa na kuchomeka ule waya hadi kidole gumba kikauma.

Jana jioni, nikiwa nasubiri wali, nikaandika "sufuria".

Ikafunguka. Njaa mbaya.

Nikaazima UPS (betri ya akiba ya umeme) ya saluni ya jirani, nikaianza upya, nikakaa nayo kama mgonjwa. Kinachoandikwa mtengenezaji ndiye huchagua, na hii inaandika sufuri, kwa hiyo kuhakiki ni rahisi: hexdump, programu ya kuonyesha yaliyomo kwenye diski, ikasoma diski nzima kwa saa moja na ushee, ikatoa mistari mitatu. Sufuri tupu, kinyota kimoja (maana yake "yanayofuata ni yale yale"), halafu 4a85d56000, ukubwa wa diski kwa tarakimu za heksadesimali. Nimepiga picha.

Leo nilipanga kushughulikia diski yake ya pili, ya GB 80, isiyozunguka tena. Mpango ulikuwa kuitoboa kwa drili. Nikaifungua kwanza kwa bisibisi ya T8 nione sahani zake, nikaziona sumaku zilizomo, drili nikaisahau. Sumaku mbili sasa ziko ukutani jikoni zimeshika visu vitatu, na sahani nimezikwaruza kwa msasa mpaka zikapoteza mng'ao. Shemeji anauliza kama ana diski nyingine mbovu mahali.