Jinsi nilivyouingiza mwani jikoni kwetu

Nimezaliwa pwani ya mashariki ya Unguja, na mwani nimeuona kabla sijajua kusoma. Kilimo chake cha biashara kilianza huku mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mama aliingia miaka michache baadaye. Kila bamvua, maji yakishakupwa, alijifunga kanga kiunoni akaenda kufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizovutwa baina ya vijiti. Baada ya wiki sita hivi anavuna, anaanika, anauza kwa kilo. Gunia likishapandishwa garini, habari yake imekwisha. Kula hatukula hata siku moja. "Huo wa kuuza, mwanangu," alinijibu nilipomuuliza utotoni, na mimi nikaridhika.

Sasa mimi ni mpishi katika nyumba ndogo ya wageni. Siku moja mgeni wetu, mama wa makamo kutoka Cebu huko Ufilipino, aliuona mwani umeanikwa akauliza sisi tunaupikaje. Nikamwambia hatuupiki. Alishangaa sana. Kwao mwani wa jamii hiyohiyo unaitwa guso, na wanautengeneza kama kachumbari, kwa siki, kitunguu, tangawizi na nyanya. Mbegu ilitoka kwao, tukaipokea, tukaacha kupokea na mapishi yake! Neno hilo lilinikaa.

Kesho yake nilimwomba mama fungu la mwani mbichi. Nikausuuza mchanga, nikautia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, nikageukia vitunguu vyangu. Niliporudi, vile vijitawi vilivyokuwa vikikatika kwa mlio kama tango vilikuwa vimelegea, na maji yamevuta kama ya bamia. Ilinichukua mara tatu kujua kwamba kosa ni muda. Mwani mbichi unauchovya tu. Rangi ya hudhurungi inageuka kijani mbele ya macho yako, na hapohapo uopoe uutie kwenye maji baridi. Ukihesabu mpaka ishirini inatosha. Kisha ukatekate, uchanganye na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, tango, embe bichi, pilipili mbuzi na ndimu. Chumvi usiongeze kabla hujaonja, maana mwani una yake. Kachumbari hiyo na samaki wa kuchoma, wageni wangu walimaliza bakuli.

Nilipotaka kwenda kwenye vitu vitamu ndipo nilipokwama hasa. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wa Ireland wana mwani wao mwekundu wa mawe ya pwani, wanauchemsha na maziwa, wanachuja, na maziwa yanaganda yenyewe kama jeli. Wajamaika nao wana kinywaji kizito cha mwani wa aina hiyo, chenye maziwa na kungumanga. Nikasema hii ndiyo yetu, maziwa na hiliki tunavyo. Nikapika usiku, nikamimina kwenye sinia, asubuhi nikakuta uji. Nikazidisha mwani, nikapata uji mzito zaidi. Sukari na maziwa ya siku tatu vilikwenda hivyo, na hela ya maziwa ilikuwa yangu.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja wa kikundi cha kusarifu mwani. Hakuuliza nimechemsha muda gani. Aliuliza, "Umetumia mwani upi, mwanangu?" Nilikuwa nimetumia mwani mwembamba, ule wanaouita spinosamu, kwa sababu ndio tulionao tele. Ute wake unashika kwa ulaini, unateleza, unafaa kuzidishia juisi uzito au kutia kwenye supu. Unaoganda ukakatika kwa kisu ni mwani mnene, yaani kotoni. Mimi mtoto wa mkulima wa mwani, na tofauti hiyo nilikuwa naijua kwa bei tu.

Basi sasa nafanya hivi. Kotoni kavu nautafuta kwa mtu anayeanika kwenye chanja, siyo mchangani. Nauosha kwa maji baridi, nauanika juani, nauosha tena, siku tatu au nne, mpaka unakuwa mweupe wa manjano na ile harufu ya ufukwe imeondoka. Hatua hii usiiruke, watu wengi wanaosema mwani unanuka wanaipita haraka. Usiku nauloweka. Asubuhi konzi moja naichemsha kwa moto mdogo kama nusu saa, nachuja kwa kitambaa, nachanganya na maziwa ya moto, sukari na hiliki, namimina kwenye sinia. Unaganda mezani, hata bila friji. Ukitaka kutia ndimu, usitie ingali motoni, kwa sababu ukali wake unakata nguvu ya kuganda. Epua kwanza.

Baada ya hapo nilitaka kuugeuza mwani wetu kuwa kila kitu, na hapo pia nilifundishwa. Mgeni wa Kijapani aliniachia kipande cha kombu, mwani mpana, mweusi, mgumu kama ngozi. Unauloweka, unapasha maji taratibu, unautoa kabla hayajachemka, na supu inabaki na utamu wa nyama isiyokuwemo. Ni kwenye kombu mwanakemia Kikunae Ikeda, mwaka 1908, alipoitambua ladha aliyoiita umami. Nikajaribu vivyo hivyo kwa mwani wetu, ikatoka harufu ya pwani tu. Kombu ni wa jamii nyingine kabisa, wa maji baridi. Wetu una kazi ya ute, ule una kazi ya ladha.

Kuna jambo moja lililomgusa mama kuliko hayo yote. Nilimwambia Wakorea wanampikia mzazi aliyetoka kujifungua supu ya mwani uitwao miyeok, na kila siku ya kuzaliwa mtu anainywa tena. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe kama sisi na uji wa pilipili manga."

Tatizo langu sasa ni kotoni wenyewe. Hauvumilii maji ya moto ya kina kifupi. Vijitawi vinageuka vyeupe, vinakatika, kamba inabaki tupu, ndiyo maana wanawake wengi wamebaki na mwembamba ingawa bei yake ni ndogo. Nanunua kwa wanaokwenda maji marefu. Ramadhani iliyopita nilipata wa sinia mbili za futari. Ya kwanza iliisha kabla ya sala ya tarawehe, na mama ndiye aliyeuliza ya pili iko wapi.