Duka la spea limemezwa

Jana nimeenda Shimanzi, hapa Mombasa, kutafuta sili (kizibo cha kuzuia mafuta) ya pampu ya haidroli, ile foklifti yetu inavuja mafuta hadi sakafu yateleza, nafika lile duka nalolijua miaka yote nakuta kibao kipya, wameuzwa kwa kampuni kubwa. Mzee wa kaunta bado yupo lakini sasa lazima aangalie kompyuta kwanza, zamani aliingia stoo akatoka nayo mkononi tu.

Nikakasirika, alafu nikawaza, huyu mwenye duka angefanyaje? Mashine za siku hizi zataka laptop na programu ya kusoma makosa, fundi wa kusomeshwa, tena stoo imejaa spea za mamilioni zinazokaa tu na riba ya benki haikai. Watengenezaji nao wapendelea kushika dila (wakala wa kuuza mashine zao) mmoja mwenye mtaji kuliko kumi wadogo. Na mzee akichoka, watoto hawaitaki hio kazi ya grisi, basi auza.

Hata Marekani ni vivyo hivyo, Titan Machinery ya North Dakota ilianza 1980, ikanunua madila wa matrekta mmoja mmoja mpaka ikaingia soko la hisa 2007.

Sili yangu yaja Alhamisi, kutoka Nairobi.