Nilivyozishika bigger na more beautiful

Mimi natembeza wageni hapa Malindi, na wenyeji wanajua, kwetu Kitaliano ndio huja kwanza Kiingereza baadaye. Sasa Kitaliano kulinganisha ni rahisi mno, watia più mbele umemaliza, più grande, più bello, karibu na sisi tu tunavyosema kubwa kuliko, lile kubwa halibadiliki. Kiingereza neno lenyewe linageuka, ndio maana huku ufuoni utasikia more big of this, Kitaliano kilichovaa shati la Kiingereza.

Alonisaidia ni binti ya kakangu, yuko junia sekondari. Akanambia ami wacha kukariri jedwali, piga makofi, kofi moja kwa kila silabi ya neno. Kofi moja, big, old, cheap, unaongeza er: bigger, older, cheaper. Makofi mawili na mwisho ni y, hiyo y yageuka i, easy inakuwa easier. Makofi matatu kwenda mbele, beautiful, expensive, neno usiliguse, tia more. Na ukishaweka er more haina kazi tena, ile more cheaper ya kila kona ni bure. Good kuwa better na bad kuwa worse hizo zikariri tu zilivyo.

Basi mazoezi nikafanyia kazini, niko kwa tuktuk najisemea, Gede is older than the Vasco da Gama pillar, Marafa is farther than Gede, yaani yale magofu ya Gede, mnara wa Vasco da Gama wa hapa Malindi, na korongo la Marafa. Than ndio kuliko yetu, ukiizoea hiyo of inajiondokea yenyewe. Ilonitesa zaidi ni sana, maana sisi twasema kubwa sana kuliko, kwa hivyo ulimi unataka very bigger, kumbe very haikai hapo, ni much bigger. Siku hizi mgeni akiuliza mbona Marafa bei juu namwambia it's much farther, so it's more expensive, er na more zote ndani ya pumzi moja, na wengi hapo hawabishani tena.

Vitu vikiwa sawa ni as clean as, er hapo haingii wala than.

Kilichobaki ni fun. Kofi moja kabisa, ungedhani ni funner, lakini wenyewe wanasema more fun. Nikamuuliza yule binti kwa nini, akasema ami, hiyo hata mimi sijui, sema tu hivyo hivyo.