Masega

Mwezi wa tisa mwaka 2011 nilikuwa natoka Sikonge kwa mjomba, dumu mbili za asali zimo kwenye buti, narudi Tabora mjini. Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1998, otomatiki, na kwa hesabu ninayoijua mimi nilikuwa mwenyewe wake wa nne. Hatujafika nusu ya njia likaanza kuchoka. Nakanyaga mafuta, injini inaguna, mshale wa mwendo umeganda kwenye 50. Tulipokuta kamwinuko, na kwetu miinuko ni ya kutafuta kwa tochi, likashuka hadi 20. Lori la tumbaku likanipigia honi, likanipita, utingo akanitazama kama anayetazama maiti.

Mke wangu alikuwa amefunga vioo kwa sababu ya vumbi. Baada ya muda akasema kichwa kinamgonga. Chini ya boneti nako kulikuwa na mlio wa ta-ta-ta-ta, kama cherehani ya mguu. Nikamwambia ni jua hilo, anywe maji.

Jumatatu nikalipeleka kwa fundi niliyemzoea. Alizunguka nalo mara moja tu, akarudi na hukumu: giaboksi imekwisha. Ushahidi wake ulikuwa kwamba gia zinachelewa kubadilika, jambo ambalo hata mimi nililiona. Alikuwa na giaboksi ya mtumba ya shilingi 900,000, na 150,000 ya kushusha na kupandisha. Mshahara wangu wa ualimu haukufika nusu ya hizo. Nilimwomba siku mbili za kufikiri, ingawa hakukuwa na cha kufikiri, hela haikuwepo.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa Isevya, gereji yake ni mwembe na shimo la kuingilia chini ya gari. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha hakuniuliza gari ina nini. Aliuliza, "Mkiwa ndani mnasikia harufu ya moshi?" Nikakumbuka kichwa cha mke wangu. Nikaona aibu.

Alianza na giaboksi, nadhani kwa kunihurumia, maana ndiyo niliyokuja nayo mdomoni. Injini ikiwa ya moto na inanguruma, akapitisha gia zote, akachomoa stiki, akaifutia kwenye kitambaa cheupe. Oili ilikuwa nyekundu, kipimo kimetimia. Akanipa ninuse. "Ikiungua hunuka kama ugali ulioshika chini. Hii inanuka hivyo?" Haikunuka hivyo.

Kisha akaweka mawe kwenye matairi yote manne, akamfukuza kijana wake aliyesimama mbele, akaingia. Akavuta handibreki, mguu wa kushoto ukabana breki, akatia D, gia ya kwenda mbele, wa kulia ukakanyaga mafuta hadi chini. Sekunde tatu, nne, akaachia. "Umeona mshale?" Mshale wa mizunguko ya injini ulifika 1,500 ukagoma. Kwa gari kama lile ulitakiwa uvuke 2,000. "Giaboksi ikiteleza, mwalimu, mshale unapaa, injini inalia bure na gari haiendi. Huu umekataa kupanda. Anayeumwa ni injini, giaboksi unamsingizia." (Jaribio hili usilichezee. Ukishikilia zaidi ya sekunde tano unaichemsha oili, na hapo giaboksi inaweza kufa kweli.)

Nikamuuliza mbona basi gia zinachelewa. Akasema otomatiki hutazama vitu viwili, mwendo na mguu wako. Mguu umezama mpaka chini na mwendo hakuna, kwa hiyo inadhani unapanda mlima, inaendelea kushikilia gia ndogo. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Akaniita nyuma, nikaweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi huku kijana akipiga resi. Ulitoka upepo wa kupulizia chai. "Inavuta hewa, pa kuitolea hapana. Wewe zibwa pua na mdomo halafu uambiwe ukimbie." Moshi uliokosa njia nyuma ulikuwa umetoboa gasketi ya manifoldi huko mbele, kile kizibo cha pale bomba la moshi linapoungana na injini. Ile ndiyo cherehani yangu, na ndiyo iliyokuwa ikituvutisha moshi humo ndani.

Ili nisibaki na shaka akafungua sensa ya oksijeni, kipimo kilichofungwa kwenye bomba la moshi kabla ya masega (lile kopo la ekzosi la kupunguza sumu ya moshi), tundu likabaki wazi, akawasha. Kelele zilifukuza kuku wa jirani, lakini mshale ulipaa bila kubembelezwa.

Walikata kopo kwa grinda. Upande wa nyuma ulikuwa mzima, vitundu vidogo vimepangana. Upande wa mbele umeyeyuka na kufumbana kama sukari guru. Nimekulia kwenye mizinga, nimekula masega tangu sijaota meno yote, na mpaka siku ile sikuwahi kujiuliza kwa nini mafundi wanakiita kitu kile masega.

"Gari ilikuwa inamisi?" mzee akauliza. Ilikuwa inamisi, injini inakatakata, miezi mitatu hivi, asubuhi, ikipata moto inatulia, nami nikaizoea. Petroli isiyoungua kwenye injini ilikuwa ikienda kuungulia humo.

Alirudisha kopo tupu, akalichomelea. Sijivunii hilo. Masega yana kazi yake ya kupunguza sumu ya moshi, na tangu siku hiyo gari lilinuka. Mapya sikuyaweza. Gasketi, nyaya za plagi, plagi nne na ufundi vilifika shilingi 85,000.

Tulilijaribu barabara ya Nzega, mzee kaketi pembeni yangu kanyamaza. Gia ya mwisho iliingia hata sikuisikia. Tulipogeuza akainusa hewa, akanitazama. "Hii sasa si moshi."

Kwa siku zote zile za mahangaiko sikuwa nimeshusha dumu za mjomba. Moja ilikuwa imelala kwenye jua, kifuniko kimelegea. Sisimizi walikaa kwenye lile buti mpaka nilipoliuza gari.