Kitabu cha majani mekundu: nimefika ukurasa wa 9

Mwanzo wa Septemba. Mradi huu wa kuwatengenezea watoto kitabu cha picha umezaliwa na swali moja. Nilikuwa nawasomea watoto wa parseli yetu, yaani kiwanja tunachoishi, hapa Katuba, Lubumbashi, kitabu cha Kifaransa cha misimu minne. Mti umechorwa na majani mekundu. Maneno yanasema majani yamezeeka, yanaanguka, baridi inakuja. Siku hiyo nilikuwa na tawi la muputu, mti wa pori la miombo, nililochuma kando ya barabara ya Kasumbalesa, majani yake mekundu, malaini, bado yamejikunja. Mdogo kuliko wote, wa miaka 4, akalipapasa: "Mama, hii majani iko mugonjwa?"

Sikulala vizuri. Pori letu la miombo hutoa majani mekundu wakati wa kuchipua, kabla mvua haijanyesha, kisha ndiyo yanageuka kijani. Mtoto alikuwa ameshika jani changa, na kitabu kimemwambia linakufa.

Wiki iliyofuata. Kurasa 6 za kwanza ziko tayari, kwa Kiswahili, sentensi moja kila ukurasa. Nachora mwenyewe kwa rangi za nta kwenye manila, nashona kwa uzi wa nailoni. Karibu na kila mchoro nimeacha nafasi ya kubandika jani lenyewe, maana mtoto wa umri huu anasoma kwa vidole kwanza.

Katikati ya Septemba. Nilipeleka kurasa zitolewe nakala 10. Zikarudi nyeusi tupu, rangi nyekundu yote imepotea, na pesa imekwenda. Niliumia. Nikawaonyesha watoto hivyo hivyo, na mmoja akasema bila kusita: "Hii ni makala," yaani makaa ya miti.

Nilikuwa nimepanga kuyaacha makala nje ya kitabu, nikiona ni habari nzito kwa wadogo. Lakini wanayaona kila jioni kwenye mbabula, jiko letu la makaa, bukari (ugali) ikipikwa. Basi nilichukua kipande kikubwa kutoka kwenye gunia, nikakipangusa. Pale kilipovunjika, mistari ya mti ilionekana, duara ndani ya duara. Waliifuata kwa kidole mpaka mikono ikawa myeusi. Kisha nikaweka tawi jekundu kando yake, nikawaambia ni mti wa pori lile lile. Walinyamaza kwa muda mrefu. Huo sasa ndio ukurasa wa 8, na kwangu ndio bora kuliko zote.

Nakala zile sikuzitupa. Kila mtoto amepewa moja atie wekundu mwenyewe.

Leo, Oktoba. Ukurasa wa 9 ni wa mizizi: kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya muputu wanausaidia mti kupata chakula udongoni, na mti unawalisha sukari yake. Ukurasa wa 10 utakuwa wa uyoga unaochomoza chini ya mti huo. Nataka wauchore wakiwa wameushika, kwa hiyo tunangoja mvua.